Niliagiza juisi ya pera nikaletewa tunda nisilolijua: uzi wa jina la pera

Dereva wa Ruvuma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Huwa napita humu kusoma tu, leo naandika kwa sababu ya boksi moja la juisi.

Safari iliyopita tulivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuelekea Pemba, ile ya Msumbiji, msiichanganye na ya karafuu. Wanaoijua njia ya Mueda wanajua vumbi lake, linaingia mpaka kwenye meno. Tunafika mjini koo limekauka, nikaingia mgahawa mmoja karibu na soko. Kireno changu ni cha kuhesabia hela na kuulizia njia, basi. Lakini ukutani kulikuwa na karatasi imeandikwa kwa mkono, na humo nikaona neno ninalolijua toka utoto: *sumo de pera*. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Nikaonyesha kwa kidole, nikakaa kuisubiri juisi ya mapera, ile nzito yenye rangi ya waridi ambayo mama alikuwa akiichuja kwa kipande cha kanga ili mbegu zibaki juu.

Likaletwa boksi. Juu yake pana picha ya tunda la kijani, jembamba shingoni, nene kitakoni, kama kibuyu kidogo. Nikaonja. Tamu, majimaji, haina hata chembe ya ile harufu ya pera inayokusalimia kabla hujafungua mlango. Nikamwita dada, nikachora mviringo kwenye karatasi na vitone vingi katikati. Akacheka.

"Ah, goiaba! Goiaba não há."

Yaani lipo, ila leo hakuna, na jina lake ni goiaba. Sasa hapo ndipo nilipochoka. Siku zote tunaambiwa neno pera tumelipata kwa Wareno. Nimefika kwa wasema Kireno wenyewe, pera lao ni tunda jingine kabisa! Nikamaliza boksi langu nikijiuliza nani kati yetu kakosea njia.

Toka siku hiyo nimekuwa nikifukua. Niliyopata ni haya.

Lile la kwenye boksi ni tunda la nchi za baridi. Warumi waliliita *pirum*, yakiwa mengi *pira*. Humo ndimo Wareno, Wahispania na Wataliano walimopata *pera*, Wafaransa *poire*, Wajerumani *Birne* na Waingereza *pear*. Mti huo hautaki joto letu, ndiyo maana mtoto wa Mtwara anaweza kuzeeka bila kuliona.

Letu sisi kwao ni Amerika ya joto. Wahispania walilikuta kwenye visiwa vya Karibi kwa Wataino, wakaliandika *guayaba*. Kutoka hapo Wareno wakasema *goiaba*, Waingereza *guava*. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoliandikia jina la kitaalamu naye akalipitisha humohumo: *Psidium guajava*. Kwa hiyo kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492, hakuna babu yetu hata mmoja aliyewahi kupanda mpera wala kuchapwa fimbo yake. Hilo la fimbo nitalirudia, maana najua wengi mmekaa mkao wa kushika makalio.

Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498, hakuwa na mbegu ya pera melini. Brazil yenyewe Wareno waliifikia mwaka 1500. Lakini baada ya hapo meli zao zikawa zinazunguka dunia nzima: Brazil, Angola, Kisiwa cha Msumbiji, Mombasa, Goa, Malacca. Ngome ya Yesu pale Mombasa wakaanza kuijenga 1593, na Waomani wakaitwaa 1698. Enzi hizo ndizo zilizotuletea mahindi, mihogo, mananasi, mapapai, korosho na hili pera.

Na hapa ndipo swali langu lilipo. Nanasi walituletea na jina lake la kule kule Amerika, *ananás*. Papai vilevile, *papaia*. Kanju vilevile, *caju*. Kwa nini pera peke yake lishuke melini na jina la kuazima? Walikuwa na *goiaba* mdomoni, kwa nini hawakutuachia goiaba?

Nina jibu langu, ila kwanza nataka kusikia ya wenzangu.

---

Mtetezi wa Kibantu

Kila kitu Wareno, kila kitu Waarabu! Sisi hatukuwa na midomo? Pera ni neno letu. Ushahidi huu hapa: pera, mapera, mpera, mipera. Ngeli zimekaa sawasawa. Neno la kuazima halikai hivyo.

---

Chizi wa Buza

Nyie mnahangaika bure. Pera limetoka Peru. Jina liko wazi. Peru, pera. Uzi ufungwe.

---

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu Dereva, uzi mzuri. Nami nakuongezea jambo la kufikiria. Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Muheza. Parachichi yeye hakuliita parachichi. Aliliita pea, na mti wake mpea. Sisi watoto wa mjini tulikuwa tukimcheka. Sasa hilo nalo limetoka wapi?

---

Dereva wa Ruvuma

Mzee wangu shikamoo. Hilo la pea umenigusa penyewe, nitalirudia, tafadhali usiende mbali.

Mtetezi, uchungu wako naujua na wala sikulaumu. Lakini ngeli ni sare ya shule, mgeni akiandikishwa leo anavalishwa leo. Gari, magari. Shati, mashati. Papai, mapapai, mpapai, mipapai. Utaniambia shati nalo ni la Kibantu? Lugha yetu ndivyo ilivyo, inachukua cha mtu na kukishona upya mpaka mwenyewe akikiona hakijui. Zaidi ya hapo, neno la kale la Kibantu lingehitaji mti wa kale. Mti huu una miaka mia tano hivi huku kwetu, haujafika hata umri wa msikiti wa Kizimkazi.

Chizi, la Peru hauko peke yako. Wamarathi wa India pera wanaliita *peru*, na huko pia wapo wanaodai limetoka nchi ya Peru. Shida ni kwamba majirani zao Wakonkani wa Goa, walioishi na Wareno zaidi ya miaka 400, wanaliita *per*. Na kwa Kireno chenyewe *peru* ni nani? Ni bata mzinga! Waingereza nao wamemwita jina la Uturuki, Waturuki wanamwita *hindi*. Yaani ndege wa Amerika kila mtu anamsukumia kwa mwenzake. Kwa hiyo ukimwambia Mreno pera limetoka peru, atadhani limetagwa.

Kabla hajaja wa kusema ni Kiarabu: Kiarabu hakina p. Lingepitia kwa Mwarabu tungelipokea likiwa bera au fera. Mfano upo wa tunda jingine la sokoni. Chungwa kwa Kiarabu ni *burtuqal*, jina linalotokana na Ureno, Portugal yenyewe, kwa kuwa Wareno ndio walioyatangaza machungwa matamu. Mmeona p ilivyogeuka b mlangoni? Pera letu p yake nzima.

---

Sokomoko wa Thika

Na hapa kwetu Wakikuyu husema *mabera*. Kikikuyu hakina p ya kwake ndio ikawa b. Mimi nilijua ni neno letu kabisa mpaka nikasoma hapa. Kumbe lilipanda kutoka Mombasa kama sisi wengine tulivyoshuka.

---

Kampala Usiku

Buganda ni *mapeera*. Lakini ngojeni niwachanganye kidogo. Ukisema Mapeera Uganda, Mkatoliki hafikirii tunda kwanza. Anamfikiria Padri Siméon Lourdel, Mfaransa wa shirika la wamisionari la White Fathers, aliyetua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Watu walisikia akiitwa *mon père*, yaani baba yangu, ulimi wa Kiganda ukatoa Mapeera. Mpaka leo ndilo jina lake. Tunda na padri ni sauti moja, lakini hawana undugu wowote.

---

Dereva wa Ruvuma

Kampala, hiyo nilikuwa siijui na imenifurahisha kuliko juisi. Inatufundisha pia tusikurupuke: maneno mawili kufanana kama mapacha hakuwafanyi wawe wa tumbo moja. Padri katoka kwenye *pater* ya Kilatini, tunda limetoka kwenye *pira*.

Sasa jibu langu.

Nilidhani mwanzoni kwamba wazee wetu wa pwani walikosea, kwamba Mreno alisema kitu kimoja, wao wakasikia kingine. Nimebadilisha mawazo baada ya kulifuata neno hili baharini. Sri Lanka, ambako Wareno walikaa tangu karne ya 16, Wasinhala pera wanaliita *pera*. Herufi kwa herufi. Wamalayali wa Kerala, *perakka*. Konkani, *per*. Wabengali mpaka juu kule kwenye mito, *peyara*. Mombasa, Goa, Colombo, Bengal: bandari zote ambazo mabaharia walewale walikuwa wakilala zimekosea kosa lilelile? Haiwezekani. Basi kosa halikuwa la wenyeji. Mabaharia wa Kireno wa bahari hii ndio waliokuwa wakiliita tunda hili pera.

Na ukitaka kujua kwa nini, nenda kasimame chini ya mpera wa kienyeji. Usiende na macho ya sokoni, kule wamechagua ya mviringo. Angalia yale madogo ya porini ambayo hayajamwagiliwa wala kupaliliwa. Yana shingo. Yananing'inia kwa kikonyo yakiwa yamebanwa juu na kujaa chini, kijani inayokwenda njano. Mtu aliyetoka Lisbon miaka saba iliyopita, anaota matunda ya kwao, atasema nini? Atasema pera. Hata nyama yake ukiitafuna ina ile changachanga kama mchanga laini, sawa na la kwenye boksi.

Kwingine walipata majina mengine. Ufilipino tunda lilifika na Wahispania kutoka Meksiko, nao wanaliita *bayabas*, guayaba ileile imepigwa pasi. Watamil wameshika *koyya*, mabaki ya goiaba. Na Thailand, shikeni viti, pera linaitwa *farang*, neno lilelile wanalomwitia mzungu. Mtalii wa Kizungu akinunua mapera Bangkok anakula jina lake.

Kuna kimoja kilichonishangaza zaidi ya vyote. Kihindi na Kiurdu pera ni *amrud*. Amrud ni neno la Kiajemi, na kwa Kiajemi maana yake ni, subirini, lile tunda la kwenye boksi! Kwa hiyo waliokaa Delhi, bila kushika mkono wa Mreno, waliliangalia tunda la kigeni wakaona shingo ileile, wakafanya kilekile alichofanya baharia wa Mombasa.

---

Bint Kizingo

Mashaallah. Wanepali wao pera wanaliita *amba*. Nilifanya kazi na mmoja, kila akisema amba mimi natafuta embe.

---

Maskati Jioni

Assalaam alaykum. Huku Oman vitabuni ni *jawafa*, lakini wazee wa hapa wengi wanaliita zaituni. Mara ya kwanza kuletewa sinia la "zaituni" nikatayarisha mkate na jibini. Yakaja mapera yamekatwa na kunyunyiziwa chumvi. Nikala, tena nikaongeza.

---

Dereva wa Ruvuma

Maskati, umeona mchezo? Mwarabu wa Oman kaliangalia pera bichi, kijani, dogo, gumu, akakumbuka zaituni. Kila mtu analipokea kwa tunda la kwao. Na huo mchezo sisi wenyewe tumeucheza mara kibao. Tofaa mnalijua, lile la mtofaa, jekundu kama kengele, la kulia na chumvi na pilipili. Limetoka *tuffah*, Kiarabu, na tuffah ni lile tunda la baridi ambalo dukani sasa tunaliita epo. Epo lenyewe lilipofika likakuta jina lake limekaliwa, ikabidi vitabuni liitwe tufaha. Stafeli nalo ni *sitaphal* ya Wahindi, tunda la Sita. Lakini sitaphal ya India ni lile tunaloliita topetope! Majina yameshuka bandarini yakapanda miti isiyo yao.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimesoma kwa furaha. Naomba kuongeza moja ambalo nililifundisha Jumapili miaka mingi bila kulistukia. Fungueni Wimbo Ulio Bora katika Biblia ya Union Version, sura ya 2. Bibi arusi anamfananisha mpenzi wake na "mpera kati ya miti ya msituni", na mbele kidogo anaomba aburudishwe kwa mapera kwa kuwa anazimia kwa mapenzi. Waingereza katika Biblia yao wanaweka epo hapo. Watafsiri wetu walitafuta mti ambao msomaji wa pwani na bara atauona nje ya dirisha, mti wa kivuli na matunda yenye harufu, wakauchukua mpera. Nawapongeza, maana kivuli na utamu wa matunda ndivyo vinavyosifiwa pale. Lakini kwa hesabu ya Dereva, wameupanda mti wa Amerika katika bustani ya Sulemani, karibu miaka elfu mbili na mia tano kabla ya Columbus.

---

Chizi wa Buza

Mwalimu umeniua 😂 Yaani Sulemani alikuwa anakula mapera ya Brazil.

---

Mwalimu Mstaafu

Na katika Mithali 25, pale Waingereza wanaposema epo za dhahabu, sisi tumewekewa machungwa. Ukiniuliza mimi, machungwa yanameremeta vizuri zaidi kwenye chombo cha fedha.

---

Soni Mlimani

Wakuu, mbona mnaliongelea tunda la boksi kama hadithi? Sisi Lushoto tunalo. Enzi za Mjerumani mji wetu uliitwa Wilhelmstal, na matunda ya baridi yalipandwa sana milima hii. Linaitwa peasi. Yanashuka kwa matenga pamoja na plamu, yanauzwa Mombo barabarani, mengine yanafika Tanga na Dar. Dereva, siku ukipita Mombo simama, utakunywa juisi ya boksi lako bila boksi.

---

Dereva wa Ruvuma

Soni, asante. Na Mzee wa Ngamiani, sasa ndiyo zamu ya bibi yako wa Muheza, maana mmenikamilishia kitu nilichokuwa nakishika vipandevipande.

Parachichi nalo ni la Amerika. Waazteki kwa lugha yao ya Kinahuatl waliliita *ahuacatl*, Mhispania akasema *aguacate*. Mwingereza akaliona, akaona shingo, akaona kitako, akaliita *avocado pear*. Zamani kwao hilo *pear* halikuachwa. Kwa hiyo aliyeuleta mti huo Muheza alikuja na neno *pear*, na bibi yako akalipokea: pea, mpea. Hakukosea hata nukta, na wala hakuwa peke yake. Vitabu vya miti vya Tanzania vinauandika mpea mpaka leo, pamoja na jina jingine ambalo mimi nalipenda zaidi, mwembe mafuta.

Tupange basi. Tunda la Warumi, pira, jina lake limeingia Kiswahili mara tatu. Mara ya kwanza limekuja na Mreno, likakalia guayaba: pera. Mara ya pili limekuja na Mwingereza, likakalia parachichi: pea. Mara ya tatu likaja na tunda lake lenyewe, lakini nafasi mbili zimeshajaa, ikabidi lichukue umbo la tatu: peasi, ambalo ukilisikiliza vizuri utasikia *pears*, Mwingereza akitaja mengi nasi tukilishika moja. Mwenye jina kafika wa mwisho, kakuta wapangaji.

---

Sokomoko wa Thika

Hapo kwa wapangaji nimecheka peke yangu kwa matatu, watu wamenigeukia.

---

Goma Mlimani

Huku kwetu Kivu mapera ni mapera, hilo halina shida. Parachichi ndio tunaita avoka, ya Kifaransa. Na kwa Kifaransa *avocat* ni wakili pia. Nikiwa mdogo baba alisema anaenda kutafuta avoka wa kesi ya shamba, mimi nikachukua kikapu.

---

Mtetezi wa Kibantu

Sawa, nimekubali kwa shingo upande. Lakini kutumia mpera tumejua wenyewe. Manati nzuri haitoki kwenye mti mwingine. Panda ya mpera ukiipasha motoni na kuifunga kamba ikauke, haipasuki.

---

Bint Kizingo

Na fimbo! Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anatutuma sisi wenyewe tukachume. Ukileta nyembamba unarudishwa. Gome lake likibanduka inabaki laini inateleza, inapita hewani inalia. Mti wa shuleni ulikuwa na matunda upande mmoja tu, upande mwingine ulishaisha kwa fimbo.

---

Dereva wa Ruvuma

Nilisema nitalirudia la fimbo, naona Bint kaniwahi. Mimi ninachokumbuka ni kupanda juu kuiba mapera na kushushwa kwa tawi la mti uleule.

---

Pemba ya Karafuu

Nami nitie langu. Mpera na mkarafuu ni jamaa moja kwa wataalamu wa mimea, pamoja na mzambarau, mtofaa na mkaratusi. Msiponiamini, chukueni jani la mpera, mlielekeze juani mliangalie kwa karibu. Mtaona vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga, vingi kama mtu kachoma kwa sindano. Ni vifuko vya mafuta. Jani la mkarafuu ni hivyohivyo. Ndiyo maana ukilisugua mkononi linanukia. Bibi alikuwa akituchemshia majani machanga ya mpera tumbo likiendesha.

---

Mama Wawili

Na ukila mabichi mengi linafunga kabisa, msisahau kusema hilo. Wangu mdogo alikula ndoo nzima likizo iliyopita, siku tatu tunahangaika. Afadhali yangekuwa ya jina lingine.

---

Chizi wa Buza

Swali la mwisho kwa Dereva. Kwa hiyo sisi tuanze kusema guava? Naona supamaketi wameandika "juisi ya guava" na watu wanaona ni ya maana kuliko ya pera.

---

Dereva wa Ruvuma

Tuanze kwa nini? Mreno alikuja na jina, akafukuzwa Mombasa, jina likabaki, likapanda mpaka Kampala na Kigali, ambako husema *amapera*. Limeingia kwenye Biblia, kwenye fimbo na kwenye manati. Anayeandika guava kwenye chupa anauza maji yaleyale kwa bei ya juu. Kwa taarifa yenu gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya mara nne ya chungwa, na hiyo haibadiliki ukibadilisha karatasi ya chupa.

---

Dereva wa Ruvuma

Wakuu, narudi kidogo. Niko Pemba tena, mgahawa uleule. Safari hii sikuangalia ukutani, nimesema *goiaba* kwa sauti kama mwenyeji. Dada kanikumbuka, kaenda nyuma, kaniletea matatu kwenye kisahani, ya mtini, yana madoa meusi na shingo. Nimepasua la kwanza, jekundu ndani. La pili jekundu. La tatu lina funza upande mmoja. Nimeula upande wa pili.